Kondoo Aliyesimama Kizingitini

Jinsi Machano Vuai alivyofika nchi ya Mlangoni sitaieleza, na anayetaka kuniuliza alipitia njia gani namshauri anyamaze, maana hata yeye mwenyewe akiulizwa hupunga mkono kama anayefukuza nzi. Yatosha kujua kwamba alifika na kisu chake kirefu kilichozongwa kitambaa, mkoba wa viungo, na njaa. Machano alikuwa mpishi wa shughuli, na kwao Pemba harusi iliyopikwa na mtu mwingine watu waliihudhuria kwa adabu tu.

Alikuwa na tabia moja ambayo lazima niitaje mapema. Hakumtazama mnyama usoni. Alianza kumwona shingoni kwenda nyuma: huyu ana mapaja, huyu mafuta yamemkaa kiunoni, huyu ni wa mchuzi si wa kuchoma. "Mpishi hana urafiki na kitoweo," alipenda kusema. Lakini nyuma ya nyumba yake alifuga njiwa, akawalisha mtama mkononi kila asubuhi, na mmoja mwenye bawa bovu alilala ndani ya kofia yake. Mwanamke aliyejifungua alipohitaji supu ya njiwa, Machano ndiye aliyeitwa kuipika, naye aliipika kwa njiwa wa sokoni. Hakuna jirani aliyeona ajabu, na yeye hakuona.

Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi huko Mlangoni ilikuwa ya mjane aitwaye Bi Mwanapili, mwenye umri wa mama yake, sauti ya kuamuru na mikono isiyotulia.

"Inua mguu, mwanangu! Usikanyage. Vuka!"

Chini ya mlango palikuwa na kizingiti cha mvule, kirefu karibu kufika goti, kimelainika kwa kupakwa mafuta miaka na miaka. Machano akavuka. Bi Mwanapili akapiga makofi.

"Haya! Umevuka kwa miguu yako mwenyewe. Sasa wewe ni ndugu, huliwi."

"Kwani nilikuwa naliwa?"

"Watu hawaliwi, usiwe mshamba. Ndivyo tunavyomkaribisha mgeni."

Jioni ile akaelezwa sheria, na kwa kuwa nchi nzima ilining'inia kwenye sheria hiyo, nami nitaieleza. Watu wa Mlangoni waligawa viumbe vyote mafungu mawili. Kiumbe kilichovuka kizingiti kwa miguu yake, bila kuitwa, bila kuvutwa wala kusukumwa, ni ndugu wa waliomo mpaka kufa kwake, na kikifa huzikwa. Ambacho hakijavuka ni mboga. Aliyebebwa hahesabiwi, la sivyo nyama ya kapuni nayo ingekuwa ndugu. Nyoka waliondolewa katika mjadala tangu zamani kwa kukosa miguu. Mbu walipigwa makofi bila kinyongo, kwa sababu huingia dirishani. Lakini kwa jirani wa tatu aliwahi kuingia kenge, akavuka taratibu mbele ya mashahidi, akawa shemeji. Alipokula mayai yote ya mle ndani, wazee waliamua kwamba huo ni ugomvi wa kifamilia, na watu wa nje wasiuingilie.

Chakula kikaja, wali na mchuzi wa kuku. Upande wa kulia wa Bi Mwanapili, juu ya mkeka, alikaa kuku mweupe mnene aitwaye Shangazi, akidonoa wali katika sahani yake mwenyewe.

Machano alimtazama Shangazi, akatazama paja lililokuwa mkononi mwake.

"Bibi, huyu na huyu si kuku wote?"

"Huyu alivuka. Huyo hakuvuka."

"Nani alimzuia?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

Machano alicheka mpaka akapaliwa. Bi Mwanapili alimgonga mgongoni, akamngoja anywe maji, kisha akamwuliza kwa upole kama kwao hawana wanyama wa nyumbani. Naye, kwa kuwa kila mfugaji hupenda kuulizwa, akamweleza habari za njiwa wake, na yule wa kofia, na bahati mbaya akaeleza na habari za supu.

"Na wako huwapiki?"

"Astaghfirullah! Wangu nawajua."

"Na wale wa sokoni, wangejulikana?"

Machano akarudisha paja sahanini. Bi Mwanapili hakumcheka. Alimwongezea mchuzi, na hilo lilimwuma zaidi.

Mtu mwenye madaraka katika mtaa ule alikuwa Mzee Fumbwe, Mpima Vizingiti. Cheo chake kilianzishwa baada ya watu kadhaa wenye moyo laini kuanza kuchonga vizingiti vifupi, kuku wakawa wanavuka ovyo, ikawa mtaa mzima una ndugu na hauna mboga. Tangu hapo kila kizingiti kilipimwa kwa fimbo ya serikali. Fumbwe alikuwa mwembamba, mnyoofu, mtu wa kufunga vifungo vyote mpaka shingoni, aliyekaa peke yake nyumba ya pili kutoka kwa Bi Mwanapili. Alipopita kazini alifuatwa na kondoo dume aliyebeba mkoba wa vipimo mgongoni. Kondoo alisimama nje ya kila mlango, akamngoja bwana wake atoke, wakaendelea.

"Mnapendana," Machano alimtania siku moja barazani.

"Ni mboga," Fumbwe akajibu. "Anabeba mzigo tu."

"Na akichinjwa, haoni uchungu?"

Mpima akakaa vizuri, maana hilo lilikuwa somo lake. "Bwana mpishi, uchungu unahitaji paa. Wewe na mimi tukiumia, uchungu unapanda, unagonga dari, unaturudia. Mnyama wa nje hana dari. Wake unapanda, unakwenda zake."

"Na mtu akiumia shambani?"

"Ana nyumba yake inayomngoja. Uchungu unakwenda kumsubiri huko." Fumbwe alisema hayo bila kupepesa macho. Machano alishindwa kumjibu, si kwa kuwa hoja ilikuwa nzito, bali kwa kuwa aliyeitoa alikuwa akimkuna yule kondoo nyuma ya sikio.

Sasa tufike penye kisa chenyewe. Kila mwaka mtaa ulifanya Karamu ya Mavuno, na mnyama wa karamu alitolewa kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Bi Mwanapili. Nyumba iliyokataa kutoa, mlango wake ulipakwa majivu, na mpaka mavuno mengine hakuna mtu aliyekaa barazani pake wala kuitikia salamu yake. Mwenye watoto na wajukuu angeweza kuvumilia. Lakini baraza ya Bi Mwanapili ndiyo iliyokuwa mume wake, watoto wake na redio yake. Watu walikaa pale tangu alasiri, wakanywa kahawa yake, wakagombana, wakaagana, na yeye akalala usingizi kwa sababu ya sauti zile.

Mnyama aliyemtenga kwa karamu alikuwa kondoo dume, pacha wa yule wa Fumbwe. Mama yao alikufa wakati wa kuzaa, na majirani hao wawili wakagawana yatima. Wa kwake Bi Mwanapili alimnywesha maziwa kwa kitambaa, yeye amekaa ndani, mkono wake uko nje. Hakumruhusu kuvuka hata siku moja. Mlango ulifungwa kwa komeo kila alipokaribia. Kondoo alipokua, akawa analala pale pale nje, kidevu amekiegemeza juu ya kizingiti kama mtu aliyekaa dirishani.

"Kidevu si mguu," alisema Bi Mwanapili Machano alipomtazama.

"Ana jina?"

"Mboga inaitwa jina?"

Lakini asubuhi, Machano akijifanya bado amelala, alimsikia akimsimulia kondoo ndoto zake, mlango ukiwa na upenyo wa kidole. Alimsimulia kwa utaratibu, akirudi nyuma pale aliposahau kitu. Machano alijigeuza upande wa pili wa kitanda. Alikuwa amekwisha kukubali kupika karamu ile. Alikuwa amekwisha kumkagua kondoo, kuanzia shingoni kwenda nyuma, na kumwona kuwa ni wa pilau.

Siku moja kabla ya karamu, mchana, mvua ilishuka kwa kishindo. Machano alikuwa uani akitwanga bizari na hiliki. Akakumbuka kuni zilizoachwa barazani, akakimbilia mbele, na mle chumbani akasita. Mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa mpaka ukutani. Bi Mwanapili alikuwa ameupa mgongo, ungo uko mapajani, anachambua mchele.

"Bibi, mlango uko wazi."

"Naona joto."

"Mvua inanyesha, Bibi."

"Basi ni joto la mvua." Hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Hapo nje kondoo alikuwa amelowa mpaka amepungua nusu. Alitazama mlango ambao maisha yake yote ulifungwa puani pake. Akainua mguu mmoja wa mbele, akauweka ndani. Akainua wa pili. Kifua kikavuka. Bi Mwanapili aliacha kuchambua, akafumba macho, na Machano akaona midomo yake ikitetemeka. Akaelewa kila kitu.

"Kila mtu abaki alipo!"

Alikuwa Fumbwe, aliyekimbilia upenu ule kujikinga mvua, fimbo mkononi na pacha yule mwingine nyuma yake. Kondoo, kwa kuwa ni kondoo, alitii. Akasimama vile vile, miguu miwili ndani, miwili nje, kizingiti chini ya tumbo.

"Asiguswe! Asiitwe! Asisukumwe!" Mpima alipaza sauti, na mtaa mzima ukatoka mvuani. Kwa watu wa Mlangoni mvua si kitu mbele ya mjadala.

Mwenye duka la mkaa alisema kondoo hajavuka, kwani kuvuka ni kumaliza kuvuka. Mtu aliye katikati ya mto hajafika ng'ambo. Mama mmoja aliyejitanda kanga kichwani akamjibu kwamba kichwa ndicho kinachojua kama kimeingia, na kichwa kimo ndani, kinatazama watu. Mwingine akasema kichwa hakina maana, kinacholiwa ni mapaja, na mapaja yako nje yananyeshewa. Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Kondoo alikohoa mara moja. Wote wakanyamaza kuona kama atasogea, hakusogea, wakaendelea.

Fumbwe akainua fimbo. "Sheria ni msumeno," akasema, "na leo itakata sawasawa. Sehemu iliyovuka ni ndugu. Iliyobaki ni mboga. Bi Mwanapili abaki na ndugu yake, na mtaa upate karamu yake." Akachukua kipande cha mkaa, akainama, akachora mstari mweusi mgongoni mwa kondoo, pale juu ya kizingiti. Watu wakashangilia, kwa kuwa uamuzi ulikuwa mzuri kuusikia, na hakuna aliyekuwa ameufikiria mpaka mwisho.

Bi Mwanapili akageuka kwa mara ya kwanza. Hakumtazama Mpima. Alimtazama Machano.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye kisu."

Machano akatazama chini. Na kwa sababu alisimama ndani ya nyumba, na mapaja yalikuwa nje, hakuwa na mahali pa kumtazamia kondoo isipokuwa usoni. Maji yalikuwa yakimdondoka kopeni. Macho yake yalikuwa ya rangi ya asali mbivu, na hayakuomba kitu. Yalikuwa yameona tu kwamba ndani hapanyeshi, na yanashangaa kwa nini hakuambiwa mapema. Machano alimhurumia, na akakasirika kwa kumhurumia, maana alikuwa na miaka ishirini na zaidi katika kazi ile.

"Mzee Fumbwe," akasema, "nimekusikia. Mimi ni mpishi, si mwanasheria. Nitapika nusu hiyo ya nyuma kama ulivyoamua."

Bi Mwanapili akashika ukuta.

"Lakini nyamafu sipiki. Mnyama ninayempika lazima achinjwe, na kuchinja ni shingoni. Hebu nionyeshe shingo ya hiyo mboga."

Mpima akatazama nje. Palikuwa na mkia, mapaja, na mvua.

"Shingo iko ndani," akasema polepole.

"Ndani ni shingo ya nani?"

"Ya... ndugu."

"Kwenu mnachinja ndugu?"

Wale waliokuwa nje wakaguna kwa kuchukizwa. Mwenye duka la mkaa akasema hayo si maneno ya kutamkwa mbele ya watoto. Fumbwe alisimama huku maji yakimtiririka kwenye vifungo vyake, akageuza jambo lile kichwani, akaligeuza tena, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hakulipa jina jingine. "Basi mkia utafuata kichwa," akasema. "Kondoo amevuka."

Kana kwamba alingojea ruhusa hiyo tu, kondoo akaingiza miguu iliyobaki, akajikung'uta, akawalowesha wote. Ungo ukamwanguka Bi Mwanapili. Alipiga magoti akamkumbatia shingoni, akalia kwa sauti bila haya, akimwita majina yote aliyokuwa ameyaficha mwaka mzima: Subira, Kipenzi, Baba Mdogo, Mwenye Nyumba. Shangazi akaja kudonoa mchele uliomwagika. Machano naye alikuta uso wake umelowa, akausingizia mchuruziko wa paa.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mtu mmoja alipouliza kesho watakula nini.

Sheria haikumlaumu mwenye nyumba ambaye mnyama wake amevuka mwenyewe. Hapakuwa na majivu kwa Bi Mwanapili. Zamu ilihamia nyumba inayofuata. Watu wakageuza shingo kuitazama nyumba inayofuata. Mkaaji wa humo alikuwa amepangwa mwakani, lakini alikuwa mgonjwa na hakufuga kitu. Wakaitazama inayofuata hiyo. Kisha, mmoja mmoja, wakamgeukia Mzee Fumbwe, na pacha aliyesimama nyuma yake na mkoba mgongoni.

"Mkuki kwa nguruwe," mama wa kanga akanong'ona, na hakuna aliyemmalizia methali.

"Sawa," Fumbwe akasema. "Ni mboga." Akaenda zake mvuani. Kondoo akamfuata.

Asubuhi palikuwa pakavu na jua kali. Karamu iliandaliwa kwenye uwanja mbele ya nyumba ya Mpima. Mafiga yalipangwa, sufuria kubwa zilitolewa, watu walikaa na vikombe vyao. Kondoo alifungwa kwenye kigingi katikati ya uwanja. Mkoba wa vipimo alikuwa amevuliwa, na kila mara aligeuza kichwa kutazama mgongo wake mtupu. Mlango wa Fumbwe ulikuwa wazi, kila jicho likiutazama. Mwenye kumfungua kondoo na kumwacha aingie angefanya hivyo mbele ya mashahidi mia, na Fumbwe ndiye aliyeandika katazo la kufanya hivyo.

Machano alifika na kisu chake kikiwa bado kitambaani. Alimkuta Mpima ameketi peke yake kwenye ngazi ya nyumba yake, shati limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka.

"Niambie kweli, bwana mpishi," akasema bila kuinua kichwa. "Huko kwenu hamna vizingiti. Mnaamuaje nani ndugu na nani mboga?"

Machano akakaa karibu naye. "Kwetu tunaamua kwanza, mzee wangu. Sababu tunazitafuta baadaye, tumeshashiba."

"Hiyo si sheria."

"Si sheria."

"Na nyinyi mnalala usingizi?"

"Tunalala vizuri sana." Kisha, kwa kuwa asubuhi ile hakuweza kusema uongo, akaongeza, "Lakini usinitume mimi leo. Nikimtazama huyo namwona nduguye, na nduguye nilimtazama usoni. Mkono wangu hautakuwa sawa."

Fumbwe akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na mtaimbo, mkoba wa vipimo umening'inia shingoni, fimbo ndani yake.

Mpima alipiga magoti mlangoni pake, akachomeka mtaimbo chini ya kizingiti alichokichonga babu yake, akakisukuma. Mti ulilia. Misumari ilitoka na kutu yake. Alikuwa mzee, akahema, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeelewa anafanya nini. Kizingiti kikang'oka. Fumbwe akakibeba begani, akashuka ngazi, akaupita uwanja, akapita mafiga na masufuria, akapita kigingi na kondoo wake, akaenda hatua kadhaa mbele, na hapo akakilaza chini kati ya kondoo na watu, yeye akiwa upande wa watu.

Akachukua fimbo ya serikali, akapima urefu wake kutoka ardhini, hapa na hapa.

"Kizingiti ni halali," akatangaza.

"Fumbwe!" mwenye duka la mkaa akaita. "Nyumba yako iko kule!"

"Sheria inasema kizingiti. Isomeni. Haikusema nyumba."

"Lakini kondoo hajavuka!"

"Kondoo hajavuka," Mpima akakubali. "Alikuwa anangoja nje ya milango ya watu mwaka mzima. Mimi ndiye nilikuwa sijavuka kwenda kwake, niwe ndugu yake." Akavuka kizingiti chake, akarudi upande wa kondoo, akaketi mavumbini, akamwekea mkoba wake mgongoni.

Kisha Bi Mwanapili, aliyekuwa barazani pake na Mwenye Nyumba miguuni, akapiga makofi kama anavyompigia mgeni anayeingia. Mama wa kanga akapiga. Mwenye duka la mkaa hakupiga. Aliondoka kwa haraka, akidai ameacha moto, na punde ikasikika sauti ya mtaimbo nyuma ya duka lake, ambako alikuwa na mbuzi ambaye hakuna aliyewahi kusikia habari zake.

Siku hiyo Machano alipika pilau ya kunde na nazi. Alitia viungo vyote vya mkoba wake, hata vile alivyokuwa akiviweka kwa harusi kubwa. Watu walikula mpaka wakakwangua ukoko. Sitasema hawakulalamika, mzee mmoja alizunguka na sahani yake akiuliza mfupa. Na kwa kuwa sitaki kusema uongo, nitaongeza na hili nililolisikia baadaye. Mwaka uliofuata walikula nyama tena. Iliagizwa kutoka ng'ambo ya bonde, kwa watu wasiowajua, imekatwa vipande tayari, maana kipande hakina miguu na hakivuki kitu. Lakini Mzee Fumbwe na Bi Mwanapili siku hiyo walikula kunde, barazani, pacha wawili wamelala chini ya meza.

Machano alirudi kwao. Njia aliyorudia, tena msiniulize. Aliwasalimu njiwa wake kabla ya mtu mwingine yeyote, akavaa kofia, akaitikia shikamoo za watoto wa mtaa. Mkewe, Bi Raya, alikuwa jikoni. Alimwambia kuna wageni wanakuja alasiri, nazi imekunwa, wali umetengwa, na yule jogoo mwekundu amekwisha kunona, afanye haraka.

Machano akachukua kisu, akaenda mbele ya nyumba. Hakurudi. Nazi ilianza kuchacha, Bi Raya akatoka kumtafuta. Akamkuta amechuchumaa ndani ya mlango wao, kisu kimelazwa sakafuni. Mbele yake alikuwa jogoo, kichwa kimeinamishwa upande mmoja, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Wewe mwanamume, wageni wamefika njia panda! Unangoja nini?"

Machano hakuondoa macho usoni mwa jogoo.

"Polepole, usimshtue," akamjibu. "Nangoja aamue."